Baiskeli Moja ya Kila Safari, na Kaka Desmond

Brook Cottage,
Clun,
Shropshire,
Uingereza.
Jumapili, 2 Juni 2024

Mpendwa binamu Verity,

Salamu nyingi kutoka huku kwetu, ambako mvua inanyesha kama vile haijui kwamba mwezi wa sita umeingia. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wote wa nyumbani. Shangazi Olwen anaendeleaje na magoti yake sasa baridi ya Hobart imeanza? Mwambie asiwe mkaidi, avae zile soksi za sufu nilizomtumia. Na Callum je, mkono umeshafunguliwa plasta? Mimi mwili haujambo. Roho ndiyo inayofuka moshi, na utaniwia radhi nikikufukizia moshi huo kurasa chache.

Kwenye kadi yako uliniuliza kitu kimoja tu: hatimaye nimenunua baiskeli gani, ili nawe utafute inayofanana nayo kabla ya safari yetu ya visiwani mwezi wa nane. Swali la mstari mmoja. Verity, jibu lake limenila tangu majira ya baridi, limenigombanisha na kaka yangu, na limenifanya nilie kwenye stendi ya basi ya Kington mbele ya watu wenye mifuko ya viazi. Kaa chini nikueleze.

Kwanza, ile ya kijani haipo tena. Desmond aliigonga. Alikuja na gari mwezi wa pili kuniletea kuni, mchana kweupe, na baiskeli ilikuwa imeegemea ukuta wa banda kama ilivyoegemea miaka yote. Akarudi nyuma na gari, akaikanyaga. Nilisikia nikiwa jikoni, nikatoka mbio na kitambaa cha vyombo mkononi. Fremu ilikuwa imepinda katikati na gurudumu la mbele limekaa kama ndizi.

Ulidhani ataomba radhi? Alishuka, akaiangalia, akasema, "Ulikuwa umeiweka wapi?"

"Palepale ninapoiweka siku zote."

"Basi si mahali pa kuweka baiskeli."

Unamjua Desmond. Akikosea anakuwa mkali kuliko aliyekosewa. Lakini jioni yake alinipigia simu akaniambia atanitafutia nyingine, tena bora mara kumi. "Niachie mimi," akasema. "Nimezipanda safari hizi kabla hujajua kuziba pancha. Wewe utachagua rangi."

Nami nilichotaka hakikuwa kikubwa. Nilitaka baiskeli moja tu. Inipeleke kwenye hizi safari zetu za audax, zile za kilomita mia mbili au mia tatu kwa siku, ambazo si mashindano ila ni lazima ufike kila kituo kwa wakati na kadi yako igongwe muhuri. Na baiskeli hiyohiyo, nikifunga keria na mifuko miwili midogo, inipeleke nawe huko visiwani Uskoti, kutoka Barra hadi Lewis, bila kunivunja mgongo. Tairi nene kiasi, maana unazijua njia zetu za vijijini na mashimo yake. Nafasi ya madigadi juu ya hizo tairi. Matundu ya skrubu ya kufungia keria. Gia nyepesi kabisa kwa vilima vinavyokuja baada ya chakula cha mchana. Na mkao ambao hautanilazimisha kutazama gurudumu langu mwenyewe kutwa nzima. Nilidhani ni kama mtu kuomba kiatu cha kutembelea.

Tukaenda Shrewsbury kwenye duka kubwa. Muuzaji, kijana mmoja mwenye ndevu zilizochanwa vizuri kuliko nywele zangu, akanitembeza. Hii ya mbio, hii ya changarawe, hii ya milimani, hii ya mjini ina betri. Nikamwambia nataka ya barabara ya kawaida, iwekwe madigadi.

"Madigadi?" Ungedhani nimemwomba majani ya ng'ombe. "Siku hizi watu hawaweki sana, mama."

"Na mvua nayo siku hizi imeacha kunyesha?"

Akacheka. Mimi sikucheka. Ile ya changarawe ilikuwa na nafasi ya kutosha, lakini ilikuwa nzito na usukani mpana kama pembe za ng'ombe wa maonyesho, na nilipoizungusha uwanjani nilijiona ninaendesha geti. Ile ya mbio ilikuwa nyepesi, ila tairi zake ni nyembamba kama vifungo vya koti na haina hata tundu moja la skrubu. Kwa hiyo anayetaka kitu cha katikati aende wapi? Kijana akaniambia kwa upole kwamba huenda nahitaji baiskeli mbili. Mbili! Nyumba yangu unaijua, mlango wa mbele na wa nyuma inasalimiana.

Wakati wote huo Desmond alikuwa amesimama mbele ya baiskeli moja nyeusi ya kaboni, anaiinua kwa kidole kimoja, anaishusha, anaiinua tena.

"Lorna, njoo uinue hii."

"Siendi kuinua baiskeli, Desmond. Naenda kuipanda."

Wiki iliyofuata akaja nayo mlangoni. Ameshainunua, bila kuniuliza. Hata rangi, ile niliyoambiwa nitachagua mimi, alikuwa ameshaichagua. Alisimama pale uani uso wake unang'aa kama mtoto siku ya Krismasi, nikashindwa kusema. Hapo ndipo nilipokosea. Ningesema hapo hapo, tungenuna siku tatu tukamaliza.

Nikaipanda kwenye safari ya mwezi wa nne niliyokwenda na Desmond, kutoka Craven Arms hadi Rhayader na kurudi. Mvua ilianza kabla hatujaondoka. Baiskeli isiyo na madigadi, mwenzangu, ni bomba linalomwagilia walio nyuma. Hatujafika Knighton nikasikia sauti nyuma yangu, mzee mmoja wa Hereford ninayekutana naye kila mwaka:

"Dada, asante kwa kuniogesha! Sabuni unayo?"

Wenzake wakaangua kicheko. Mwingine akasema, "Msogezeni mkiani huyo, atatunywesha samadi ya kondoo." Wakanisogeza mkiani kweli. Kwa hiyo nikapanda vilima vyote peke yangu nyuma, upepo wote wangu, na maji yote niliyoyarusha yakaniingia mimi mwenyewe kwenye suruali.

Mikono ndiyo iliyonishinda. Usukani ule uko chini sana, uzito wote wa mwili unalalia viganja, na zile tairi nyembamba zinakuletea kila kokoto mpaka kwenye meno. Tulipofika Rhayader vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Nilinunua maharage juu ya mkate wa kuchoma nikashindwa kushika kisu, mpaka mama wa mgahawa akanikatia kama anavyokatiwa mtoto. Desmond ameketi mbele yangu anapuliza chai yake.

"Utaizoea," akasema.

Neno hilo. Nilitamani kumwagia yale maharage.

Wakati wa kurudi kuna njia panda moja mlimani isiyo na duka wala nyumba. Mahali kama hapo hapana wa kukugongea muhuri, kwa hiyo kwenye kadi huwa kuna swali, na jibu lake limeandikwa palepale njiani, ili ithibitike umepita. Swali lilikuwa: kibao kinasema Beguildy ni maili ngapi? Desmond alikuwa amenitangulia, nikamkuta amesimama chini ya kibao, baiskeli kaiegemeza kiunoni, ananisubiri. Kwa kawaida hanisubiri.

"Soma wewe," akasema. "Miwani yangu imejaa maji."

Akaivua, akaifuta, akatazama tena huku amegeuza kichwa upande kama kuku anayechungulia punje. Nikamsomea. Akaandika. Sikufikiri chochote, nilikuwa nafikiria vidole vyangu.

Knighton nikaacha safari. Verity, miaka yote hii sijawahi kurudi kwa treni. Nimewahi kurudi nikiwa na tairi iliyofungwa kwa kamba, nimewahi kurudi nikiwa natapika, lakini kwa treni kamwe. Nilimpa Desmond mkono kwenye lango la stesheni nikamwambia nimeshindwa. Yeye akaniambia, "Baiskeli haina kosa." Kisha akaenda. Nikakaa kwenye benchi na kadi yangu yenye nafasi tupu, nikikokotoa jinsi nitakavyokupigia simu kukwambia kwamba visiwani uende na mtu mwingine.

Siku ya pili nikamrudishia. Nikampelekea mpaka kijijini kwake, Newcastle ya hapa jirani, nikaiegemeza mlangoni, nikamshukuru kwa maneno mazuri niliyoyapanga njiani. Akaiingiza ndani. Wifi yangu Wendy ndiye aliyetoka akanikumbatia.

Halafu jirani akaniazima baiskeli yake ya safari za mbali. Hiyo ina kila kitu. Madigadi, keria mbele, keria nyuma, tairi kama za trekta, na fremu ambayo nadhani ingebeba jeneza. Kupanda nayo kilima cha hapa Clun ni kusukuma kabati. Nilipitwa na mbwa, tena mbwa mzee. Kwa kubeba mizigo mwaka mzima duniani ni sawa, lakini kwa kilomita mia tatu kabla muda haujaisha, ningefika watu wameshafunga ukumbi na kuosha vikombe.

Mwishoni mwa mwezi wa nne nikaona tangazo la baiskeli Leominster. Fremu ya chuma, nyembamba, nzuri, madigadi yapo, matundu yapo, gia nyepesi zipo. Nikafanya kosa la kumwambia Wendy, na Wendy akamwambia Desmond, na Desmond akatokea mlangoni na gari. "Twende," akasema. Nikaona ndiyo njia yake ya kutaka tupatane. Nikapanda.

Mwenye baiskeli, mzee mmoja aliyeitwa Bwana Pugh, alimpokea Desmond kwa mikono miwili. Mimi alinipa kiti.

"Ya kufanyia nini?" akamwuliza Desmond.

"Niulize mimi," nikasema, "nipo hapa hapa."

"Mkeo ana maneno, bwana."

"Si mke wangu," Desmond akajibu. "Ni dada yangu."

"Basi pole zaidi."

Wakacheka wote wawili. Nikaitazama ile baiskeli, na nakwambia ukweli, moyo uliruka. Ilikuwa ndiyo yenyewe. Ila ilikuwa ya mtu mrefu. Nilipoipanda, ncha ya kiatu haikufika chini, na usukani ulikuwa mbali kama ng'ambo ya mto. Nikasema hainifai.

"Shusha kiti tu," akasema Desmond.

"Shusha kiti," akasema Bwana Pugh.

"Kiti kimefika chini kabisa."

"Badilisha shina la usukani, weka fupi."

"Nibadilishe na miguu?"

Wakaendelea kuambiana wao kwa wao jinsi itakavyonikaa vizuri. Mimi nikatoka nikaenda kukaa kwenye gari, nimekunja mikono kifuani, nimekasirika mpaka masikio yanapiga kelele.

Wakati wa kurudi hatukuzungumza. Niligundua anaenda polepole sana, tena karibu na mstari wa katikati, lakini nikadhani ni hasira. Tukaingia kwenye kijiji kimoja, barabara imenyooka, na mbele yetu mama mmoja alikuwa anavuka na kigari cha mtoto. Alikuwa ameshafika katikati. Desmond hakupunguza mwendo. Nikasubiri apunguze. Hakupunguza. Nikapiga kelele, nikashika usukani, akakanyaga breki, gari likasimama kwa upande. Yule mama alikuwa karibu kiasi kwamba niliona maua kwenye blanketi la mtoto. Akatuangalia, hakututukana hata, akakimbia.

"Ametokea wapi?" akasema Desmond.

"Hakutokea. Alikuwepo. Alikuwepo tangu tulipopinda kona."

Ndipo mimi nikakumbuka kile kibao cha Beguildy. Nikakumbuka na ile ya kijani, ukutani, mchana kweupe.

"Tangu lini, Desmond?"

"Tangu lini nini?"

"Zima gari."

Akazima. Mikono yake akaiacha kwenye usukani, akawa anatazama mbele, huko ambako sasa nilijua haoni.

"Katikati panakuwa na ukungu," akasema. "Pembeni naona vizuri tu. Nikitazama mbele hivi naliona sikio lako."

"Wendy anajua?"

"Hajui. Na wewe hujui."

Nilishuka, nikazunguka, nikamfungulia mlango. Alisogea bila ubishi, na hilo ndilo lililonitisha kuliko vyote. Nikaendesha mpaka kwake. Tulipofika getini, kabla hajashuka, akasema, "Ile nyeusi ndiyo ningejinunulia mimi. Sasa siwezi. Nikataka angalau mtu wa nyumbani aipande."

Verity, nilikaa kwenye lile gari nikiwa sijui nimkumbatie au nimzabe kofi. Wiki hizo zote ganzi ya vidole vyangu ilikuwa kwa ajili hiyo! Angeniambia tu, ningeipanda Jumapili asubuhi mara moja kwa mwezi, kwa mapenzi, na ya safari nikanunua nyingine.

Nikampa siku chache amwambie Wendy mwenyewe na aende kwa daktari. Hakumwambia. Nikamwona kwa macho yangu anapita hapa Clun na gari, anaenda kununua magazeti ambayo hawezi kuyasoma. Nikaenda kwa Wendy nikamweleza yote.

Usiku huo simu ikalia. "Umeniua, Lorna," akasema.

"Afadhali useme hivyo kwa mdomo, kuliko mtoto wa mtu afe kweli."

Akakata. Baada ya hapo, kimya. Alipokwenda hospitali, Wendy ndiye aliyeniletea habari. Macho yote mawili, kitu fulani nyuma ya jicho kinachakaa katikati, kingo zinabaki. Hatakuwa kipofu kabisa, lakini hatasoma, hataendesha gari, na baiskeli barabarani pia basi. Leseni alirudisha mwenyewe kwa posta. Wendy anasema alilamba bahasha kwa hasira mpaka akajikata ulimi.

Kwa hiyo nikabaki sina kaka, sina baiskeli, na mwezi wa nane unakuja. Nilikwenda Kington kwa mabasi mawili, kwenye duka dogo lililo nyuma ya kanisa. Hakuna aliyenishauri na sikuuliza. Nikasema vipimo vyangu, nikasema tairi ya milimita thelathini na mbili pamoja na madigadi, nikasema matundu ya keria, nikasema gia nyepesi. Wakaleta moja ya mwaka jana iliyokosa mnunuzi, fremu ya chuma, si nzito wala si nyepesi. Rangi yake ni kahawia kama mchuzi wa nyama ya Jumapili. Nikaomba niende nayo kwenye mvua. Nikapanda kilima, nikashuka, nikapita makusudi kwenye barabara mbovu ya kiwanda cha mbao. Viganja vikanyamaza. Mgongo ukanyamaza. Niliporudi niliilipia kabla sijavua kofia. Wakasema waifanyie marekebisho madogo niifuate kesho yake, nami nikaenda kusubiri basi, na hapo ndipo nililia. Si kwa furaha wala huzuni. Nilikuwa nimegeuka pembeni kumwambia Desmond kwamba nilikuwa sahihi, na pembeni palikuwa na mtu na viazi vyake.

Wiki mbili zilizopita nilifanya ile ya kilomita mia tatu. Nilimaliza, tena na muda wa kula keki. Yule mzee wa Hereford alikaa nyuma ya madigadi yangu saa nzima, akasema, "Leo naona umeniletea taulo." Nilipofika nyumbani nikapiga simu kwa Desmond. Wendy akapokea, na nikasikia nyuma yake sauti inayosema, "Mwambie sipo."

Sasa kuhusu ya kwako. Usinunue kama yangu kwa kuwa ni yangu. Wewe una miguu mirefu ya akina Beddoes, mimi nimerithi ya mama. Angalia kwanza kama inakukaa, halafu kama inaingiza tairi nene na madigadi kwa pamoja, halafu gia, halafu keria. Uzito uangalie mwisho, na rangi usiiangalie kabisa. Usimwache mtu akuinulie baiskeli kwa kidole. Ipande. Ipande mpaka ikuudhi, na kama baada ya saa nzima haijakuudhi, ichukue.

Nilidhani ningeishia hapo. Lakini Alhamisi iliyopita mlango uligongwa, na alikuwa Desmond. Amekuja kwa miguu kutoka Newcastle, kando ya ua wa barabara, na fimbo ambayo anasema ni ya kupigia upupu. Hakunisalimu.

"Iko wapi?"

Nikamwonyesha, ilikuwa ukumbini. Akapiga magoti kwenye zulia na viatu vyake vya matope. Akaanza na tairi, akaziminya. Akapitisha kidole kati ya tairi na digadi, mbele kisha nyuma, polepole, kama anayepapasa meno ya farasi. Akatafuta matundu ya keria kwa ukucha, akayapata yote. Akashika breki, akaitikisa, akasikiliza.

"Usukani uko juu mno."

"Naupenda juu."

"Kiti kimerudi nyuma."

"Nakipenda kilivyo."

"Rangi gani hii?"

"Kahawia."

"Mungu wangu," akasema. Akabaki amepiga magoti, mkono juu ya fremu. Nikaona mabega yake, Verity, na nikaenda jikoni kuchemsha maji, kwa sababu asingependa niyaone.

Alipokuja mezani macho yalikuwa mekundu na amri zimerudi. Feri yenu ya Oban inaondoka saa ngapi? Mmepanga kulala wapi? Nikamwambia tutapanga sisi. Akasema ameshapiga simu nyumba tatu za wageni. Yeye atakwenda kwa treni na mabasi, atatutangulia na mizigo mikubwa, sisi tupande na mifuko midogo tu, na kila jioni tutamkuta ameshaweka birika jikoni.

"Desmond," nikasema, "hii ni safari yangu na Verity. Ya watu wawili. Tumeipanga miaka."

"Mimi sipandi baiskeli," akajibu, "kwa hiyo wapanda baiskeli ni wawili."

Nimekasirika, binamu. Nimekasirika na naandika bado nimekasirika. Kila jioni atatuuliza tumekwenda kwa kasi gani na kwa nini si zaidi. Atakukosoa kiti. Atakuambia utazoea. Jioni tuliyoiwaza mimi na wewe, tukiwa tumelowa na tumechoka na hatuna mwanamume wa kumsikiliza, haitakuwepo. Sikumwambia ndiyo wala hapana. Nimemwambia nitakuuliza, naye akasema, "Mwulize," halafu akakaa pale mezani bila kunywa chai, akitazama ukuta ili anione.

Basi nakuuliza. Ukikataa nitakuelewa, na nitamwambia ni mimi niliyekataa. Lakini nakuomba sana, Verity, kubali.

Nisalimie Shangazi Olwen na umbusu mashavu yote mawili. Nisalimie Callum, na majirani zako wale wa kondoo weusi. Wendy anakusalimu kwa moyo wote. Anasema usisahau koti la mvua, la kwake halifai hata kwa bustani. Mungu awaweke salama ng'ambo hiyo, akuvushe bahari bila dhoruba, atukutanishe Oban tukiwa na afya na pumzi.

Ni mimi binamu yako, nikupendaye hata nikiwa na hasira,

Lorna Beddoes